Sura ya Saba: Unanunua Nini Ukinunua Daraja la Biashara?

Swali hili humjia kila anayepanda ndege kubwa ya usiku na kupita katikati ya vile viti vipana vya mbele akielekea chake kule nyuma. Hawa waliokwisha kuketi hapa, tena na kinywaji mkononi, wamelipa mara tatu au mara nne ya nilicholipa mimi. Ndege si hiihii? Rubani si huyohuyo? Kwani wao watatua kabla yangu? Kisha hufuata swali la pili, ambalo wengi huona haya kulitamka: na mimi nikijibana, siku moja nikalipa, nitapata nini hasa?

Jibu nitakalolitetea katika sura hii ni fupi. Katika safari ndefu ya usiku, kitu cha maana unachonunua ni saa za kulala ukiwa umenyooka. Sahani za kaure, taulo la moto na mkoba mdogo wa mafuta ya midomo ni nakshi tu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama bei hiyo inamfaa aanze kuhesabu saa za usingizi, halafu ndipo ahesabu shilingi. Akifanya hivyo ataona kwamba tiketi ya Nairobi hadi New York, ya Nairobi hadi London na ya Dar es Salaam hadi Doha ni bidhaa tatu tofauti kabisa, hata kama zote zimeandikwa daraja la biashara.

Kabla hatujaendelea, tuelewane. Daraja la biashara ni sehemu ya mbele ya ndege iliyo juu ya daraja la kawaida na chini ya daraja la kwanza. Daraja la kwanza mashirika mengi yameshaliondoa, kwa hiyo katika ndege nyingi zinazotoka Afrika Mashariki hili la biashara ndilo la juu kabisa. Na ninaposema safari ndefu nina maana ya ndege inayokaa angani saa sita au zaidi bila kutua.

Kitanda kilikuwapo, kikaondoka, kikarudi

Wasafiri wa zamani wa njia zetu walilala vizuri kuliko sisi, kwa sababu ndege zao hazikusafiri usiku. Kuanzia mwaka 1937, shirika la Uingereza lililoitwa Imperial Airways lilipitisha ndege zake za majini, yaani ndege zenye tumbo la umbo la mashua zinazotua juu ya maji, kwenye Ziwa Victoria pale Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Jioni abiria walishushwa, wakala, wakaoga, wakalala hotelini. Alfajiri waliendelea. Safari ilichukua siku kadhaa, lakini kila usiku ulikuwa na shuka na mto juu ya ardhi.

Kasi ndiyo iliyofuta usiku wa hotelini. Tarehe 2 Mei 1952, ndege aina ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36. Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya ratiba ya kawaida kubeba abiria wanaolipa kwa ndege ya jeti, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Safari nzima ilichukua chini ya saa 24. Ndege chache kubwa za pangaboi za enzi hizo zilikuwa na vitanda vya kukunja, lakini jeti ziliposhika njia vitanda hivyo vikatoweka. Shirika lilitaka viti vingi, na abiria aliambiwa avumilie, maana atafika kesho.

Daraja la biashara lenyewe lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Nauli za punguzo zilikuwa zimeenea, na msafiri wa kampuni aliyelipa nauli kamili alijikuta ameketi bega kwa bega na mtalii aliyelipa nusu yake. Malalamiko yakawa mengi. Shirika la Pan Am likawatengea watu hao sehemu yao mwaka 1978, Qantas likafuata 1979, na mashirika mengine yakaingia kwenye mkondo. Kwa miaka ishirini iliyofuata tofauti ilikuwa ya kiti kipana zaidi, chakula bora na foleni fupi. Usiku wa safari mtu alikuwa bado analala ameketi, ila ameketi kwa starehe zaidi.

Mwaka 2000 British Airways ikaweka katika daraja hilo viti vinavyonyooka hadi kuwa kitanda bapa. Hapo mambo yalibadilika moja kwa moja. Washindani walijaribu kwanza viti vinavyonyooka vikiwa vimeinama, vikawashinda. Ndege ikiwa angani huruka pua yake ikiwa imeinuka kidogo, na aliyelala kwenye kitanda kilichoinama huteleza polepole usiku kucha, akiamka kila mara kujivuta juu. Leo abiria wa safari ndefu anayelipia biashara anategemea kitanda bapa, na shirika lisilo nacho linauza jina tu.

Kwa nini bei ni kubwa hivyo

Watu wengi hudhani bei inatokana na chakula na vinywaji. Sivyo. Hata ukila na kunywa usiku kucha huwezi kumaliza tofauti ile. Shirika la ndege linafanya biashara moja na mwenye fremu za maduka pale Kariakoo: linapangisha sakafu, na anayechukua sakafu kubwa analipa zaidi.

Tuchukue ndege aina ya Boeing 787-8, ile inayoitwa Dreamliner, kama Kenya Airways inavyoipanga. Ina viti 30 vya biashara na 204 vya kawaida. Kule nyuma kila safu ina watu tisa, na kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kiti kinachofuata ni takriban sentimita 80. Kule mbele safu ina watu sita tu, na kila mmoja anahitaji urefu wa takriban sentimita 190 ili alale. Piga hesabu: abiria wa kawaida anachukua sehemu moja ya tisa ya upana kwa sentimita 80, wa biashara anachukua sehemu moja ya sita kwa sentimita 190. Ukigawanya, wa mbele anakalia sakafu ya watu watatu na nusu.

Sasa ile bei ya mara tatu au nne haionekani tena kuwa ya kubahatisha. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza jambo lingine: ukigawa mafuta yanayochomwa na ndege kwa sakafu anayokalia kila mtu, moshi unaomhusu abiria wa biashara ni takriban mara tatu ya ule wa abiria wa kawaida. Anayejali mazingira alipime hilo pia.

Mwili unapolala umeketi

Kuketi huku umefumba macho ni pumziko, lakini si usingizi kamili. Usingizi unapozama, misuli ya shingo hulegea, kichwa huanguka mbele au pembeni, nawe unazinduka. Mtu hulala vipande vipande vya dakika chache, kila kipande kikikatwa kabla hakijafika kwenye usingizi mzito unaoirudishia akili nguvu zake. Damu nayo hushuka miguuni na kukaa huko. Ndiyo maana asubuhi viatu vinabana.

Kuna hatari kubwa zaidi ya kuvimba miguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne au zaidi, mtu akiwa ameketi bila kujongea, huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Kwa mtu mwenye afya uwezekano wenyewe bado ni mdogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini mjamzito, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mwenye saratani au aliyewahi kupata tatizo hilo amwone daktari kabla ya kusafiri, hata kama amenunua kiti cha mbele. Kinachosababisha ni kutojongea, na mtu anaweza kukaa bila kujongea mbele vilevile kama nyuma. Amka, tembea, zungusha vifundo vya miguu.

Hewa haina daraja

Ndege ya safari ndefu hupaa mita 10,000 na zaidi, mahali ambapo hewa ni nyembamba mno kwa binadamu. Kwa hiyo ndani hushindiliwa hewa, ila haifikishwi kwenye uzito wa hewa ya pwani, kwa sababu mwili wa ndege ungeelemewa. Katika ndege za kawaida abiria anaweza kuwa anavuta hewa ya mahali palipo mita 2,400 juu ya bahari, karibu sawa na kimo cha mji wa Nyahururu, Kenya. Dreamliner na Airbus A350, ambazo sehemu kubwa ya miili yao imejengwa kwa nyuzi za kaboni badala ya madini, zinaweza kushusha kimo hicho hadi mita 1,800 hivi. Nairobi iko mita 1,600 na kidogo.

Mtu wa Nairobi, basi, akilala kwenye Dreamliner hulala katika hewa iliyo karibu na ya kwake. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja huisikia tofauti: kichwa kizito, pumzi fupi kidogo, usingizi mwepesi. Tena hewa hiyo ni kavu sana, mara nyingi unyevu wake hauzidi asilimia 20, wakati mtu wa pwani amezoea zaidi ya mara tatu ya huo. Midomo hupasuka, macho huwasha, koo hukauka.

Katika mambo haya fedha haikusaidii. Wa mbele na wa nyuma wanavuta hewa moja. Kinachokusaidia ni aina ya ndege, na hiyo imeandikwa kwenye tiketi au kwenye tovuti ya shirika unapochagua safari. Ukikuta ndege mbili za bei moja usiku mmoja, moja kongwe na nyingine Dreamliner au A350, usisite kuchagua hiyo mpya.

*Kwa kifupi: daraja hukupa sakafu ya kulala, na aina ya ndege hukupa hewa. Angalia vyote viwili.*

Hesabu ya saa, safari kwa safari

Hapa ndipo pesa za watu hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Nairobi hadi London ni kama saa nane na nusu. Toa dakika 40 za mwanzo, kuanzia ndege kuanza kutembea hadi alama ya mkanda kuzimwa, maana kiti lazima kiwe wima. Toa saa moja na nusu ya chakula cha usiku, ambacho katika daraja la biashara huletwa kozi kwa kozi, taratibu, kwa heshima zote. Toa saa mbili za mwisho, kwa sababu taa huwashwa mapema ili watu wanywe chai kabla ya kutua. Umebakiwa na saa nne na dakika 20. Umelipa nauli ya kitanda, umelala nusu ya usiku.

Sasa fanya tofauti. Kula chakula chako cha jioni nyumbani au kwenye ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege, ambao tiketi ya biashara hukufungulia. Ukiingia ndegeni mwambie mhudumu: "Dada, mimi sitakula. Naomba nisiamshwe mpaka tukaribie kutua." Ukiruka chakula cha usiku peke yake unafika saa tano na dakika 50. Ukiruka na chai ya asubuhi, ukaamshwa dakika 50 kabla ya kutua, una saa saba kamili. Kiti ni kilekile, bei ni ileile, na tofauti ni ya saa mbili na dakika 40 za usingizi. Wahudumu hawakasiriki hata kidogo, wamezoea. Mimi naona ajabu jinsi watu wazima wanavyokesha wakisubiri jibini saa nane za usiku, ati kwa sababu imeshalipiwa.

Wengine huuliza kwa nini ndege hizi zisiondoke mapema zaidi, saa mbili au saa tatu usiku, ili mtu alale vizuri. Sababu mojawapo iko upande wa pili. Uwanja wa Heathrow wa London una kikomo cha idadi ya ndege zinazoruhusiwa kati ya saa tano na nusu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ili wakazi wa maeneo yale walale. Ndege ya kutoka kwetu inapangwa itue kunapokucha.

Nairobi hadi New York ni jambo jingine. Kenya Airways ilianza safari hiyo ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, na kwenda huchukua kama saa 15. Ndege huondoka karibu na usiku wa manane na kuelekea magharibi, giza likifuatana nayo karibu njia nzima. Hapa unaweza kula kozi zote, ukatazama filamu, ukalala saa nane, ukaamka ukanywa chai bila haraka. Hapa pia kuna suala la tofauti ya saa, ambalo kwa London ni dogo: Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na tatu wakati wa baridi, lakini New York iko nyuma kwa saa saba au nane. Mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku. Kwa hiyo usikimbilie kulala mara tu ndege inapopaa, maana New York wakati huo bado ni alasiri. Kaa macho saa tatu au nne za mwanzo, ulale baadaye. Ukitua kule asubuhi utakuwa umetoka kuamka, kama wenyeji. Kama kuna safari moja ambayo daraja la biashara linajitetea lenyewe, ni hii.

Dar es Salaam hadi Doha au Dubai ni saa tano na nusu hivi, wakati mwingine karibu sita. Toa kupaa, toa chakula, toa maandalizi ya kutua, na kitanda chako kinakupa saa moja na nusu au mbili. Ukiruka chakula unaweza kufikisha nne. Kisha unaamshwa, unatembea kwenye uwanja wenye mwanga kama mchana, unapanda ndege ya pili kwenda Ulaya au Marekani, na hiyo mara nyingi husafiri mchana. Tiketi za njia hii huwa na viti vizuri mno na huduma ya kifahari, nami siwalaumu wanaozipenda. Lakini aliyelipa ili alale amenunua kitanda chenye usiku mfupi. Mtu wa Dar anayetaka usingizi na ana bajeti aangalie kwanza ndege ya usiku inayokwenda Ulaya bila kubadilisha njiani, hata kama kiti chake si cha kisasa sana. Kiti kizuri chenye saa mbili kinashindwa na kiti cha kawaida cha biashara chenye saa sita.

Kuchagua kiti, maana si vyote sawa

Ukifungua ramani ya viti utaona namba zimepangwa kwa namna mojawapo kati ya hizi mbili. Mpangilio wa 2-2-2 una viti viwili dirishani, viwili katikati, viwili dirisha la pili. Mpangilio wa 1-2-1 humpa kila abiria njia yake ya kutokea. Katika 1-2-1 chagua unachopenda. Katika 2-2-2 kuna mtego: aliyeko dirishani akitaka kwenda msalani usiku lazima aruke miguu ya jirani aliyelala, na aliyeko kando yake ndiye anayerukwa. Wale wawili wa katikati kila mmoja ana njia yake, hakuna wa kumruka mwenzake. Kwa hiyo msafiri wa peke yake achukue kiti cha katikati, hata kama hataona mawingu. Usiku hakuna mawingu ya kuona.

Mengine ni haya:

- Safu ya mwisho kabisa mara nyingi iko karibu na jiko la ndege na choo. Vyombo vitagongana, pazia litafunguka, taa itakupiga usoni.
- Safu ya kwanza huwa na nafasi pana zaidi ya miguu, lakini ndiko vinakofungwa vitanda vya watoto wachanga.
- Kadiri unavyokaribia mabawa ndivyo msukosuko wa hewa unavyopungua. Mwenye hofu ya kutikiswa akumbuke hilo.

Kitanda chenyewe kinahitaji maelezo, kwa sababu wengi hukibonyeza wakashangaa. Ukibonyeza kitufe cha kulaza, kiti huteleza mbele huku mgongo ukishuka, mpaka kinaungana na kistuli kilichoingia chini ya kiti cha mbele yako. Miguu huingia kwenye nafasi hiyo, nayo ni nyembamba. Mtu mrefu mwenye kiatu cha namba 46 atalala ubavu tu. Pale kiti kinapoungana, usawa wa nyonga, pana kijibonde unachokisikia baada ya saa moja. Ndiyo sababu ya kuomba tandiko, godoro jembamba ambalo mashirika mengi huwa nalo. Kama hakuna, tandika blanketi la pili. Kisha funga mkanda juu ya blanketi uonekane. Alama ya mkanda ikiwaka usiku, mhudumu analazimika kuhakikisha kila mtu amejifunga. Akiona mkanda atapita kimya. Akiona blanketi tu, atakugusa bega.

Chakula, vinywaji na ibada

Angani ulimi hufa ganzi kidogo. Ukavu wa pua na ngurumo ya injini hupunguza ladha ya chumvi na sukari, kwa hiyo chakula kilekile kitamu cha ardhini huonekana kimepooza. Mpishi wa ndege hujitahidi kwa viungo na nyanya, lakini asitarajiwe kukupa biriani la Mombasa. Pombe hukuletea usingizi haraka na kuukata katikati, na kwa hewa ile kavu huongeza kiu. Chai na kahawa tunazijua.

Anayetaka chakula cha halali, kisicho na nyama au cha mgonjwa wa kisukari aagize mapema, angalau saa 24 kabla, wengine hudai 48. Mashirika ya Ghuba huandaa halali bila kuagizwa. Katika mwezi wa Ramadhani, mwambie mhudumu mapema kwamba unafunga, ili chakula chako kiletwe kama daku kabla ya alfajiri kuingia. Kumbuka kwamba kwa kimo kile mwanga wa alfajiri huonekana mapema kuliko ardhini. Kwa sala, wengi husali wakiwa wameketi, na baadhi ya ndege huonyesha mwelekeo wa Kibla kwenye ramani ya skrini.

Kulipa bila kulipa yote

Tiketi ya kwenda na kurudi si lazima iwe ya daraja moja pande zote. Mashirika mengi hukuruhusu kuchanganya: biashara usiku, kawaida mchana. Safari nyingi za kutoka Ulaya kurudi kwetu zina ndege ya mchana pia, na mchana mtu hahitaji kitanda. Kosa la kawaida ni kulipia vyote kwa sababu wakala aliviweka pamoja.

Njia ya pili ni mnada. Siku chache kabla ya safari, mashirika kadhaa huwaandikia wenye tiketi za kawaida na kuwakaribisha wataje kiasi watakachoongeza ili wahamishiwe mbele kama viti vimebaki. Kuna kiwango cha chini na cha juu, na hulipi usipochaguliwa. Weka ofa kwenye kipande cha usiku peke yake. Soma masharti, kwa sababu aliyehamishwa kwa mnada mara nyingine hapewi mizigo ya ziada wala ukumbi wa mapumziko.

Na mizigo ni pesa. Tiketi ya biashara mara nyingi huruhusu mabegi mawili ya kilo 32 kila moja, wakati ya kawaida hutoa begi moja au mawili ya kilo 23. Mfanyabiashara anayerudi na bidhaa aweke bei ya kilo hizo kwenye hesabu. Huenda nusu ya tofauti ikajilipa yenyewe.

Neno moja kuhusu tarehe, kwa sababu huleta machozi uwanjani kila wiki. Ndege ya saa 00:20 ya Ijumaa huondoka usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani unatakiwa uwe uwanjani Alhamisi jioni. Anayekwenda Ijumaa usiku amechelewa kwa siku nzima, na tiketi ya biashara haimwokoi.

Nani alipe, nani asilipe

Kijana mwenye afya anayekwenda kusoma, ambaye kesho yake atalala kutwa kwa jamaa, asilipe. Fedha ile ni kodi ya miezi kadhaa. Anayesafiri mchana asilipe. Anayesafiri saa tano huku akibadilisha ndege alfajiri afikiri mara mbili.

Anayeshuka asubuhi na kuingia moja kwa moja kwenye mkutano, kwenye mahojiano ya kazi au kwenye gari atakaloliendesha mwenyewe saa nne barabarani ana sababu ya kulipa. Dereva aliyekesha ni hatari kwake na kwa wengine.

Lakini yupo mtu mmoja ambaye kwa maoni yangu anastahili kuliko wote, naye ndiye anayefikiriwa mwisho. Ni mama au baba mzazi mwenye magoti mabovu, anayeitwa na watoto Minnesota, London au Toronto kuja kuona wajukuu. Watoto huchanga tiketi ya kawaida, wakaomba na kiti cha magurudumu uwanjani, wakaona wametimiza. Kisha mzee huketi saa 15 kwenye sentimita 80, akaogopa kunywa maji asije akawasumbua majirani kwa kwenda msalani, akafika miguu imevimba na kulala siku tatu. Kama mko ndugu wanne na fedha mliyonayo inatosha kupandisha daraja kipande kimoja tu cha safari ya familia nzima mwaka huu, msijinunulie ninyi. Mnunulieni mama kile kipande cha usiku, mwagizieni chakula chake mapema, na mpigieni simu shirika kuhakikisha kiti chake kiko kwenye njia.